Penalti ya Bamako, kombe la Yaoundé: miaka tisa ya Aliou Cissé

AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2019 kule Misri, Senegal ilikutana na timu tatu za Afrika Mashariki na ikazifunga zote: Tanzania 2-0, Kenya 3-0, Uganda 1-0. Kufika katikati ya Agosti mwaka huo, makocha wa timu hizo tatu walikuwa wameshaondoka. Emmanuel Amunike alifungashiwa virago Taifa Stars mwezi Julai, mashindano yenyewe hayajafika fainali. Sébastien Desabre akaachana na Uganda Cranes na kutimkia Pyramids ya Misri. Sébastien Migné alijikongoja na Harambee Stars mpaka sisi Watanzania tulipowatoa kwa penalti kwenye kufuzu CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, naye akaaga. Aliyewafunga wote hao, kocha wa Senegal Aliou Cissé, alifungwa fainali tarehe 19 Julai, akarudi Dakar mikono mitupu, na kazi yake akaikuta palepale alipoiacha.

Ukiuliza vijiweni Senegal walichukuaje kombe mwaka 2022, utatajiwa Sadio Mané, Édouard Mendy na Kalidou Koulibaly, na hakuna atakayebisha. Mimi huanzia Agosti ile ya 2019. Kombe la Senegal lilianza kuja siku waliyoamua kutomfukuza mtu ambaye kwingine kote angefukuzwa.

Na mtu mwenyewe hakuwa mpole wa kupendwa na kila mmoja. Rasta ndefu, kofia, miwani, uso usiocheka ovyo. Alipokuwa mchezaji hakuwa staa wa mabao wala chenga. Alikuwa kiungo wa chini, yule anayesimama mbele ya mabeki kuzima moto, anayeonekana zaidi anapokosea kuliko anapopatia.

Alizaliwa Machi 24, 1976, Ziguinchor, mji mkubwa wa Casamance, kusini mwa Senegal. Alipokuwa na miaka tisa alihamia Ufaransa, akakulia Champigny-sur-Marne, kitongoji cha mashariki mwa Paris chenye maghorofa ya wafanyakazi na watoto wa wahamiaji kutoka kila pembe. Kwenye kitongoji hichohicho alikuwepo kijana wa Kialgeria aliyezaliwa siku moja tu baada yake, Machi 25, 1976. Jina lake Djamel Belmadi. Lishike hilo jina, tutalirudia.

Soka ya klabu ya Cissé naipita haraka kwa sababu haina makubwa. Lille, Sedan, Paris Saint-Germain, Montpellier kwa mkopo, kisha Uingereza: Birmingham City mwaka 2002 na Portsmouth mwaka 2004. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, ugenini kwa Arsenal, alitolewa kwa kadi nyekundu. Baadaye akarudi Sedan, akamalizia Nîmes. Ni rekodi ya mchezaji wa heshima, ya mtu anayejua kazi yake, lakini hakuna aliyebandika picha yake ukutani.

Timu ya taifa ndiko alikokuwa mkubwa. Bruno Metsu, Mfaransa mwenye nywele ndefu aliyeichukua Senegal kipindi ambacho hakuna aliyeihofia, alimpa Cissé kitambaa cha unahodha. Mwanzoni mwa 2002 timu hiyo ikafika fainali ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yake. Februari 10, Bamako, dhidi ya Cameroon. Dakika 120 zikaisha bila bao.

Ikaja mikwaju ya penalti. Cameroon wakakosa mbili, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Senegal nao wakakosa: Amdy Faye, kisha El Hadji Diouf. Penalti ya tano na ya mwisho ikawa ya nahodha. Akifunga, mchezo unaendelea. Akikosa, basi. Kipa Alioum Boukar akaipangua, Cameroon wakalibeba kombe kwa 3-2. Kiungo mkabaji, ambaye maisha yake yote alilipwa kuzuia wengine wasifunge, ndiye aliyebeba penalti ambayo nchi nzima iliisubiri.

Miezi mitatu baadaye watu wakaisahau kwa muda. Mei 31, 2002, Seoul, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, Ufaransa mabingwa wa dunia na wa Ulaya wakakutana na wageni ambao karibu wote walikuwa wakicheza ligi ya Ufaransa. Zidane hakucheza, alikuwa majeruhi. Dakika ya 30 Diouf akapita kushoto, akapiga krosi, ukatokea mkanganyiko, Papa Bouba Diop akausukuma mpira wavuni akiwa ameanguka. Jezi ikatandazwa chini pembeni ya kibendera cha kona na vijana wakacheza ngoma kuizunguka. Waliokuwa na umri wa kuangalia mpira mwaka ule wanaijua picha hiyo hata leo. Cissé alikuwa nyuma yao, kitambaa mkononi, akifanya kazi isiyopigwa picha. Wakatoka sare na Denmark na Uruguay, wakawatoa Sweden kwa bao la dhahabu (bao la muda wa nyongeza lililomaliza mechi papo hapo) la Henri Camara, wakafika robo fainali na kutolewa na Uturuki, nako kwa bao la dhahabu. Kabla yao ni Cameroon ya 1990 pekee iliyowahi kufika hapo kutoka Afrika.

Robo fainali hiyo ilichezwa Juni 22. Septemba 26 ya mwaka uleule, meli ya Le Joola iliondoka Ziguinchor kwenda Dakar.

Hapa inabidi nieleze jiografia kidogo. Casamance imetengwa na Senegal nyingine na nchi ya Gambia, iliyokaa katikati. Kwa barabara unavuka mipaka, unasubiri pantoni, na tangu 1982 kulikuwa na uasi wa watu waliotaka kujitenga, kwa hiyo njia haikuwa ya kuaminika. Meli ndiyo ilikuwa njia ya kila mtu: wanafunzi wanaorudi vyuoni, akina mama wenye maembe na mawese ya kuuza Dakar, familia zinazotembeleana. Le Joola ilikuwa imetoka tu kwenye matengenezo ya karibu mwaka mzima, na watu walikuwa wameisubiri kwa hamu. Ilijengwa kubeba watu wasiozidi 600. Ilipopinduka usiku ule kwenye dhoruba, pwani ya Gambia, walikufa zaidi ya watu 1,800. Waliookolewa ni 64.

Kati ya waliokufa, 11 walikuwa ndugu wa Aliou Cissé.

Sisi wa huku hatuhitaji kuchorewa picha. Watu wa Kanda ya Ziwa wanayo MV Bukoba, Mei 21, 1996. Unguja na Pemba wanayo Spice Islander, Septemba 2011. Tunazijua orodha za abiria zisizolingana na idadi ya maiti, tunaijua tume inayoundwa, tunajua jinsi jina la meli linavyogeuka kuwa jina la mwaka. Cissé alikuwa na miaka 26, wiki chache tu tangu aanze kucheza Birmingham. Baadaye alishiriki mechi ya hisani kati ya Senegal na Nigeria ya kuchangia wafiwa, kisha akarudi Uingereza kuendelea na ligi. Sitajifanya najua aliyabebaje hayo yote. Nasema tu kwamba wanaoandika kuhusu Cissé huanza na ile penalti kana kwamba ndilo jambo baya kuliko yote lililompata mwaka 2002. Kwenye orodha ya mwaka huo, penalti iko chini sana.

Alipotundika daluga alianzia chini kwenye ukocha. Akawa msaidizi, akapewa timu ya vijana wa chini ya miaka 23, na Machi 2015, baada ya Alain Giresse kuondoka, akakabidhiwa timu ya wakubwa. Klabu kubwa hakuwahi kufundisha, CV yake ilikuwa fupi. Alichokuwa nacho ni kwamba alishakuwa nahodha wa kikosi ambacho Wasenegali walikipenda kuliko vyote, na alijua chumba cha kubadilishia nguo cha Simba wa Teranga, kama timu ya taifa ya Senegal inavyoitwa, kinanukaje siku ya kushindwa. Akamweka Tony Sylva, golikipa wake wa 2002, awanoe makipa.

Halafu akaanza kushindwa, kwa mpangilio.

AFCON 2017, robo fainali, Franceville. Mpinzani? Cameroon. Matokeo? 0-0, mikwaju ya penalti. Mané akapiga ya tano, kipa Ondoa akaidaka, Senegal nje. Naomba usinieleze habari ya bahati mbaya, maana hapo imeshavuka mipaka.

Kombe la Dunia 2018 Urusi, Cissé akiwa kocha mweusi pekee kati ya 32, na kwa taarifa zilizotoka wakati ule, anayelipwa kidogo kuliko wote. Wakaifunga Poland 2-1, sare na Japan 2-2, wakafungwa na Colombia 1-0. Senegal na Japan wakalingana kila kitu: pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, hata mechi baina yao. Wakahesabiwa kadi za njano. Senegal sita, Japan nne. Ikawa timu ya kwanza katika historia ya Kombe la Dunia kutolewa kwa kigezo cha nidhamu, chini ya kocha aliyeanza ligi ya Uingereza kwa kadi nyekundu. Nilicheka kidogo siku ile, nikajisikia vibaya, nikacheka tena.

Kisha 2019, na hapa sisi tumo. Tanzania ilikuwa haijacheza AFCON tangu 1980, miaka 39. Mechi yetu ya kwanza, Juni 23, saa mbili usiku, ndiyo hiyo na Senegal. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani, na mwenye kibanda alipandisha kiingilio bila aibu. Mané hakuwepo, alikuwa na adhabu ya kadi, tukajipa moyo. Ukweli ni kwamba Aishi Manula ndiye aliyetuokoa na aibu. Keita Baldé dakika ya 28, Krépin Diatta dakika ya 64 kwa shuti la nje ya boksi ambalo kipa yeyote angelisindikiza kwa macho. Baada ya hapo mtu mmoja nyuma yangu akaacha kushangilia, akawa anaangalia tu Wasenegali wanavyorudi kukaba, wote, mpaka mawinga. "Hawa wamefundishwa," akasema. Ilikuwa timu ya mwaka wa tano wa kocha mmoja, na ilionekana.

Kwenye mechi na Kenya, Mané alikosa penalti, Patrick Matasi akaidaka, kabla hajafunga mawili kipindi cha pili, moja likiwa penalti nyingine. Na Uganda alifunga bao la ushindi, akakosa penalti tena mbele ya Denis Onyango. Akaacha kupiga. Nusu fainali na Tunisia akapewa Henri Saivet, naye akakosa. Timu nzima ilikuwa na ugonjwa uleule wa kocha wake.

Fainali, Cairo, dhidi ya Algeria ya nani? Ya Djamel Belmadi, mtoto wa Champigny. Watoto wawili wa kitongoji kimoja cha Paris, waliopishana siku moja kuzaliwa, wote viungo, wote waliwahi kuvaa jezi ya PSG, sasa kila mmoja kwenye benchi la nchi ya wazazi wake kwenye fainali ya Afrika. Koulibaly hakucheza kwa sababu ya kadi. Dakika ya pili Baghdad Bounedjah akapiga shuti lililomgonga Salif Sané, likapanda juu, likashuka nyuma ya kipa. Kipindi cha pili mwamuzi akawapa Senegal penalti, akaenda kuangalia marudio ya video (VAR), akaifuta. Mwamuzi mwenyewe ni wa kutoka Cameroon. Mimi nimeacha kuuliza maswali.

Cissé akawa mtu aliyepoteza fainali ya AFCON akiwa nahodha, na akaipoteza akiwa kocha. Magazeti ya Dakar yalimsema, mashabiki walisema anacheza kwa woga, anapaki basi wakati ana winga bora barani. Yalikuwepo mengi ya kweli humo. Hata mimi simtetei kwamba timu yake ilikuwa tamu kuangalia. Shirikisho lao lilisikia yote hayo, na likamwacha.

AFCON ya Cameroon, Januari 2022, ilianza vibaya. Corona iliwapitia, Mendy na Koulibaly wakakosa mechi za mwanzo. Waliifunga Zimbabwe 1-0 kwa penalti ya Mané dakika za majeruhi, halafu 0-0 na Guinea, 0-0 na Malawi. Bao moja katika mechi tatu za makundi, tena la penalti. Kocha mwingine angeanza kubadilisha kila kitu. Cissé alibadilisha kidogo sana, na mtoano ulipoanza wakafunga 2-0, 3-1, 3-1.

Februari 6, Yaoundé, mji mkuu wa nchi iliyomnyima kombe Bamako, ikibaki siku nne kutimia miaka ishirini. Wapinzani Misri. Huku kwetu mechi ilianza saa nne usiku. Dakika za mwanzo tu Senegal wakapata penalti. Salah akamfuata kipa wake Gabaski, akamnong'oneza. Mané akapiga kwa nguvu, Gabaski akaipangua. Kibandani kwetu mtu akatukana kwa sauti, tusi ambalo siwezi kuliandika hapa.

Dakika 120, 0-0. Saa sita ya usiku imeshapita, watoto wamelala kwenye mabenchi, hakuna anayetoka. Mikwaju ikaanza. Abdelmonem wa Misri akagonga mwamba, Bouna Sarr wa Senegal akadakwa, Mendy akampangua Lasheen. Ikabaki ya tano, na akatembea Mané.

Hapo ndipo kazi ya ukocha ilipo kwa maoni yangu, kuliko kwenye mfumo wowote wa 4-3-3. Mtu amekosa 2017 mkwaju wa tano, amekosa mbili mwaka 2019, amekosa dakika chache baada ya fainali hii kuanza. Orodha ya wapigaji hupita kwa kocha. Cissé alikuwa na kila sababu ya kumweka pembeni, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamwacha palepale, wa tano, nafasi aliyokuwa nayo yeye mwenyewe Bamako. Wote wawili ni watu wa Casamance. Kijiji cha Mané, Bambali, kiko huko. Akapiga kwa nguvu, Gabaski hakuifikia. 4-2. Kombe la kwanza la Afrika la Senegal tangu waanze kucheza mpira.

Machi 29 wakakutana tena na Misri kuwania kwenda Qatar, tena kwa penalti, na mpigaji wa mwisho tena Mané, na akafunga tena. Kule Qatar, bila Mané aliyekuwa majeruhi, walivuka makundi kwa kuifunga Ecuador 2-1 tarehe 29 Novemba, miaka miwili kamili tangu kifo cha Papa Bouba Diop. Koulibaly alifunga la ushindi akiwa amevaa kitambaa chenye namba 19, jezi ya marehemu. England wakawamaliza 3-0 hatua iliyofuata.

Sasa, nisije nikaonekana nauza subira kama dawa ya babu inayotibu kila kitu. Senegal wana vituo vya vijana vinavyofanya kazi. Génération Foot, wenye ushirikiano na Metz ya Ufaransa, ndiko walikotoka Mané, Ismaïla Sarr na Pape Matar Sarr. Diambars walimtoa Idrissa Gueye. Na kuna watoto wa Kisenegali waliozaliwa Ufaransa kama Koulibaly na Mendy, ambao walikubali kuvaa jezi ya Senegal. Mpe Cissé kikosi kisicho na hao, umwachie miaka tisa, na huenda tungekuwa tunazungumza habari ya kocha mkaidi tu.

Lakini geuza upande wa pili. Toka Machi 2015 alipoanza mpaka Oktoba 2024 alipoondoka, benchi la Taifa Stars lilikaliwa na Mart Nooij, Charles Boniface Mkwasa, Salum Mayanga, Amunike, Etienne Ndayiragije, Kim Poulsen, Honour Janza, Adel Amrouche na Hemed Suleiman "Morocco". Tisa. Mkwasa na Amunike nao ni wachezaji wakubwa waliogeuka makocha. Amunike alifunga mawili kwenye fainali ya AFCON 1994 na alicheza Barcelona. Aliyetuvusha jangwa la miaka 39 tulimpa mechi tatu za mashindano, dhidi ya timu mbili zilizokuja kucheza fainali na jirani mmoja. Na Desabre, yule aliyeondoka Kampala mwezi ule ule? Alikuja kupewa DR Congo mwaka 2022, akaachiwa nafasi ya kujenga, akawafikisha nusu fainali ya AFCON iliyofuata.

Mwisho wa Cissé haukuwa wa sherehe. Januari 2024, wakiwa mabingwa watetezi walioshinda mechi zote tatu za makundi, walitolewa na wenyeji Ivory Coast hatua ya 16 bora. Kwa kitu gani tena, kama si penalti? Oktoba mwaka huo mkataba haukuongezwa, serikali haikuridhia. Sioni kosa hapo. Miaka tisa na nusu ni mingi, timu ilikuwa imechoka kumsikiliza, na kikosi kikakabidhiwa kwa Pape Thiaw, mwenzake wa 2002, yuleyule aliyetoa pasi ya kisigino kwenye bao la dhahabu dhidi ya Sweden.

Machi 2025 Cissé akapewa Libya, nchi ambayo ligi yake imeteswa na vita na ambayo mara ya mwisho kucheza AFCON ilikuwa 2012, walipoondoka kwa kuifunga, nani tena, Senegal. Kikosi hakikuwa na Mané, hakikuwa na Koulibaly, na viongozi wa mpira wa kule hawakuwa na sifa ya kungoja. Mimi kwa msimamo wangu ningempa mkataba wa miaka minne na kuzima simu.